Saratani iliyosambaa: jinsi ya kuuliza kilicho mbele yako, na jinsi ya kuutunza moyo ukishajibiwa

Anayeambiwa kwamba saratani yake imesambaa huwa na maswali mawili. La kwanza hulitamka papo hapo: tiba inaanza lini? La pili hulimeza: nitaishi hadi lini? Mwongozo huu ni wa swali la pili. Ni wa mgonjwa mwenyewe na ni wa wanaomuuguza, kwa sababu mara nyingi wote wamelimeza swali lilelile, kila mtu kwa upande wake.

Niweke wazi msimamo wangu. Sisemi kwamba kila mgonjwa lazima aambiwe kila kitu. Nasema mgonjwa ndiye wa kuamua aambiwe kiasi gani, lini na mbele ya nani. Uamuzi huo si wa daktari mwenye haraka, wala si wa ndugu mwenye huruma.

Zamani hata jina la ugonjwa lilifichwa. Mwaka 1961 madaktari wa Marekani waliulizwa, na asilimia 90 walisema wangependelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Swali hilo liliporudiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, asilimia 97 walisema wangependelea kumwambia. Siku hizi basi jina linatajwa. Kinachobaki gizani ni maana yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwahusu wagonjwa 1,193 wa Marekani waliokuwa wakipewa tibakemikali kwa saratani iliyosambaa ya mapafu au ya utumbo mpana. Asilimia 69 ya wale wa mapafu na asilimia 81 ya wale wa utumbo mpana hawakuwa wameelewa kwamba dawa zile hazikutarajiwa kuwaponya.

Si kwamba walidanganywa. Daktari anasema, "Uvimbe umepungua, mwili unaitikia dawa vizuri." Familia inasikia: anapona. Uvimbe unaweza kupungua kwa nusu na ugonjwa ukabaki kuwa usioponyeka. Kisha mazungumzo yanahamia kwenye ratiba, dripu siku gani, damu ipimwe lini, na mlango wa swali lile unafungwa bila mtu yeyote kuusukuma.

1. Amua kwanza unataka kujua nini

Fanya hivi kabla ya kuonana na daktari, ukiwa umetulia, na kalamu mkononi. Jiulize: nikiambiwa, nitaitumia habari hiyo kufanya nini? Kama kuna jambo linalosubiri, kwa mfano kuacha kazi au kuendelea, kuuza au kutouza kiwanja, kusafiri kumwona mzazi, au kusogeza mbele harusi ya mtoto, basi unahitaji jibu lenye muda ndani yake. Kama hakuna, huenda picha ya jumla ikakutosha kwa sasa.

Watu hawafanani katika hili. Yupo anayetaka tarakimu, na akinyimwa hapati usingizi. Yupo anayetaka kusikia tu kama mambo ni ya miaka au ya miezi. Yupo anayesema, "Mwambieni mke wangu, mimi nielezeni tiba." Wote wako sawa. Huyo wa tatu amefanya uamuzi kamili, alimradi ameusema kwa kinywa chake, si kwamba wengine wamemsemea.

Andika sentensi moja utakayomwambia daktari. Mfano: "Nataka kujua ukweli, lakini leo nisipewe tarakimu." Au: "Niambie kila kitu, usizunguke mbuyu." Au: "Nikiinua mkono, tuishie hapo." Sentensi hiyo ina kazi kubwa, kwa sababu madaktari wengi hunyamaza wakingoja mgonjwa aulize, huku mgonjwa akinyamaza akidhani kwamba kama lingekuwapo la kusema, daktari angelisema.

2. Andaa siku yenyewe

Nenda na mtu mmoja anayeweza kusikiliza bila kuangua kilio kabla yako. Kazi yake ni kuandika. Baada ya habari nzito akili huacha kupokea. Dakika kumi zinazofuata hupita bila kushika kitu. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Mwambie muuguzi mapema kwamba safari hii una maswali kuhusu mwelekeo wa ugonjwa, ili mtengewe muda. Kama hamwelewani lugha na daktari, apatikane mkalimani mtu mzima. Mtoto wako asibebeshwe mzigo wa kukutafsiria habari hiyo.

3. Uliza kwa mpangilio

Kosa la kawaida ni kurukia "nina miezi mingapi?" kama swali la kwanza. Daktari akibanwa hivyo huwa anatoa moja kati ya majibu mawili: "Hayo anajua Mungu," au tarakimu moja kavu. Yote mawili hayakusaidii. Panda ngazi taratibu, hivi:

Anza na ugonjwa: umefika wapi mwilini, na una maana gani ukiwa hapo?

Kisha uliza lengo la tiba. Nadhani hili ndilo swali muhimu kuliko yote. Lengo linaweza kuwa kuponya kabisa, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu na usumbufu. Liulize hivihivi, na usikubali jibu la "kukusaidia", kwa sababu yote matatu ni kusaidia.

Halafu: dawa hii ikifanya kazi kama unavyotumaini, tutaona nini? Isipofanya kazi, tutajuaje, na kitafuata nini? Nikiamua kutoitumia, je?

Mwisho, kama bado unataka, uliza muda. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Daktari, tunazungumzia miaka, miezi, au wiki?"

"Kwa ninavyoona leo, miezi. Inaweza kufika mwaka na kitu."

"Na mambo yakienda vizuri sana?"

"Wapo wachache wanaofika miaka mitatu."

"Na yakienda vibaya?"

"Ningehofia miezi michache tu. Kwa hiyo kama kuna jambo la lazima, usilingoje."

Majibu yale matatu, la kawaida, la heri na la shari, yanakaa pamoja. Ukipewa moja, omba mengine mawili. Kabla ya kuondoka, rudia ulichoelewa kwa maneno yako: "Kwa hiyo umesema dawa hii haitaniponya, ila inaweza kunipa muda." Daktari akitikisa kichwa kukataa, mmegundua pengo mkiwa bado mmekaa pamoja.

4. Isome tarakimu uliyopewa

Ukisikia "miezi kumi na miwili", usiifanye tarehe. Mara nyingi tarakimu hiyo ni muda wa kati, yaani kati ya wagonjwa wanaofanana nawe, nusu walifariki kabla ya muda huo na nusu walikuwa bado hai ulipofika. Haisemi lolote kuhusu hiyo nusu ya pili ilikwenda mbali kiasi gani.

Wataalamu wa saratani wana kanuni rahisi ya kuifungua, hasa kwa ugonjwa uliosambaa unaotibiwa kwa tibakemikali. Takriban nusu ya wagonjwa huishi kati ya nusu ya muda huo na mara mbili yake. Kwa mfano wetu, kati ya miezi 6 na 24. Karibu mmoja kati ya kumi huishi mara tatu au zaidi, yaani miezi 36 na kuendelea. Na kundi dogo, mmoja kati ya kumi au pungufu, huishi robo tu au chini ya hapo: miezi 3. Ni makadirio, lakini ni afadhali mara mia kuliko tarakimu moja iliyosimama peke yake usiku kucha kichwani.

Mfano unaotajwa sana ni wa mwanasayansi wa Marekani Stephen Jay Gould. Mwaka 1982 aligunduliwa kuwa na mesothelioma ya tumboni, saratani adimu ambayo muda wake wa kati ulikuwa miezi minane. Aliishi miaka 20 zaidi, na saratani iliyomuua mwaka 2002 ilikuwa nyingine kabisa. Nautaja mfano huu kwa tahadhari, maana watu hupenda kumrushia mgonjwa kama ahadi. Unachothibitisha ni kwamba mkia wa mbele, yaani wale wachache wanaoupita mbali muda wa kati, ni mrefu. Haumwambii mtu yeyote kwamba yumo kwenye mkia huo.

Upande wa pili, madaktari nao hukosea, na hukosea kwa kuelekea matumaini. Utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2000 uliwaomba madaktari 343 wakadirie muda wa wagonjwa 468 waliokuwa wakiingia kwenye huduma ya siku za mwisho. Asilimia 20 tu ya makadirio yalikaribia ukweli. Asilimia 63 yalikuwa marefu kupita kiasi. Na kadiri daktari alivyomfahamu mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo makadirio yake yalivyozidi kupotoka. Mapenzi yalizidi macho. Ndiyo maana si vibaya kumwuliza pia daktari mwingine asiyekujua sana.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine. Tazama mwili unavyojiendesha: unatembea? Unaoga na kuvaa mwenyewe? Je, zaidi ya nusu ya saa za mchana uko kitandani au kitini? Madaktari hulipa jambo hili uzito mkubwa. Mabadiliko yakionekana mwezi kwa mwezi, kwa kawaida mazungumzo ni ya miezi; yakionekana wiki kwa wiki, ni ya wiki. Ila hakikisheni kwanza kwamba udhaifu huo hautokani na jambo linalotibika, kama maambukizi au upungufu wa damu.

5. Siku za kwanza baada ya kujua

Tarajia mambo yasiyopatana. Asubuhi mtu anapanga nani arithi kitanda. Jioni anauliza bei ya pikipiki mpya. Ndugu hushtuka: si alielewa? Alielewa. Akili huutazama ukweli, kisha hugeuka pembeni kupumzika, kisha huutazama tena. Mwacheni aende na kurudi. Zile hatua tano maarufu za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross za mwaka 1969, kukana, hasira, kupatana bei na majaliwa, huzuni na kukubali, watu wengi huzichukua kama madarasa ya kupanda moja baada ya jingine. Hazipandwi hivyo. Mtu anaweza kuwa na hasira na kukubali kwa saa ileile, na wapo wasiofika "kukubali" na wakaondoka kwa amani yao.

Kwa wiki hiyo ya kwanza, yapo machache yanayosaidia. Chagua mtu mmoja wa kumwambia yote, na umpe yeye kazi ya kuwajulisha wengine, ili usisimulie kifo chako kwenye simu mara ishirini. Acha kusoma mambo ya ugonjwa intaneti usiku. Usifanye uamuzi usiorudishika, kama kuacha tiba ghafla au kugawa mali, mpaka usingizi uwe umerudi angalau kidogo. Panga kuonana tena na daktari baada ya siku chache, kwa maana maswali ya kweli huja baadaye.

Je, kujua kunaumiza moyo? Jibu la haki ni kwamba tafiti hazisemi sauti moja. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wagonjwa 332 na waliowauguza walikuta kwamba wale waliokuwa wamezungumza na daktari kuhusu mwisho wa maisha hawakuwa na sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, zaidi ya wengine, na wiki yao ya mwisho ilikuwa na mashine chache za kulazimisha uhai. Lakini zipo nyingine zilizoona wasiwasi mkubwa zaidi kwa wanaojua kwamba hawatapona. Ninavyolisoma jambo hili, ukweli wenyewe si sumu wala si dawa. Kinachoamua ni ulivyofikishwa, na kama kuna mtu aliyebaki chumbani baada ya daktari kutoka.

6. Tofautisha huzuni na sonona

Huzuni huja kwa mawimbi. Katikati ya mawimbi mtu bado anaweza kucheka na mjukuu, kufurahia muziki, kuulizia matokeo ya mpira. Sonona haina katikati. Shida ni kwamba dalili zinazotajwa kwa kawaida, kukosa hamu ya kula, kuchoka, kukonda, kutolala, saratani yenyewe huzileta. Kwa hiyo msizitegemee hizo. Ulizeni maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, siku nyingi umekuwa na moyo mzito au kukata tamaa? Na umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? "Ndiyo" kwa mojawapo inatosha kumwambia daktari. Angalieni pia maneno kama "nimekuwa mzigo", "sina faida", "hii ni adhabu".

Njia nyingine ni kipimo cha kujipa alama kutoka 0 hadi 10 kwa ukubwa wa dhiki ya wiki nzima. Alama 4 au zaidi ni ya kuzungumza na wahudumu. Uzuri wake ni kwamba mtu asiyeweza kusema "nimevunjika" anaweza kusema "saba".

Kabla ya kuita hali hiyo sonona, tazameni mwili. Maumivu yasiyotulizwa hufanana sana na kukata tamaa, na mara nyingine maumivu yakitulizwa, kukata tamaa nako huyeyuka. Deksamethasoni, ambayo ni dawa ya steroidi, na dawa za jamii yake zinaweza kumnyima mtu usingizi na kumfanya asitulie. Kalsiamu ikizidi kwenye damu humfanya mtu awe mzito, mwenye kiu na aliyechanganyikiwa. Na ikiwa ni sonona kweli, inatibika hata kwa mgonjwa wa saratani iliyosambaa. Dawa zake nyingi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, hivyo kuchelewa kuanza kuna gharama.

Mgonjwa akisema anataka kujimaliza, au mkimwona anakusanya vidonge, ni jambo la siku hiyohiyo. Mwulizeni waziwazi, kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, dawa zishikwe na mtu mwingine, na daktari aitwe.

7. Omba tiba shufaa mapema, wala usingoje kuambiwa "hakuna zaidi"

Tiba shufaa ni huduma ya kutuliza maumivu na dhiki za kila namna. Cicely Saunders, aliyeanzisha hospitali ya St Christopher's London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii yana pande nne: mwili, akili, watu wanaomzunguka na roho. Ukitibu upande mmoja, mingine hubaki ikilia.

Wengi huikimbia wakidhani ni chumba cha kungojea kufa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 liliwagawa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa: nusu walipata tiba ya kawaida, nusu wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata tiba shufaa walikuwa na dalili chache za sonona na maisha yenye nafuu zaidi. Muda wao wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11.6, dhidi ya 8.9 kwa wengine. Tiba shufaa inakwenda sambamba na tibakemikali na mionzi, na wahudumu wake ndio wenye muda na ujuzi wa mazungumzo haya yote niliyoyaeleza.

8. Familia: acheni kuigiziana

Mwaka 1965 wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss walieleza hali waliyoiona hospitalini: mgonjwa anajua kwamba anakufa, walio karibu naye wanajua, na kila upande unajifanya haujui. Aliyewahi kuuguza ataitambua. Mama amelala, mtoto ameketi ukingoni mwa kitanda. "Ukipona, mama, tutakwenda kwa shangazi." Mama anatabasamu: "Tutakwenda, mwanangu." Mtoto akitoka, mama anageukia ukutani. Mtoto naye anaegemea mlango kwa nje, anafuta macho kabla ya kukutana na wengine.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mara nyingi wanaoficha ni wale walio wazima.

Kuvunja maigizo hakuhitaji hotuba. Uliza swali lililo wazi, kisha ukae kimya: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" "Kuna jambo linakusumbua usiku?" Akijibu "naona sitakaa sana", usiseme "usiseme hivyo" wala "piga moyo konde". Maneno hayo humwambia kwamba wewe ndiye usiyeweza kuvumilia, na hatarudia tena. Sema: "Niambie zaidi." Akibadilisha mazungumzo, mfuate huko anakokwenda, amekupa jibu la leo.

Ndugu wakimwomba daktari asimwambie mgonjwa, njia ya katikati ipo. Daktari amwulize mgonjwa mbele yao: "Matokeo yakija, ungependa nikueleze wewe, au nizungumze na nani?" Watu hushangazwa na jinsi majibu yanavyokuwa wazi.

Watoto wadogo waambiwe kwa maneno ya umri wao, na waambiwe kwamba si kosa lao. Wengi wao hudhani ni wao walioleta ugonjwa kwa utundu.

9. Geuza ulichojua kuwa maamuzi

Ukweli usiofanyiwa kazi hugeuka kuwa wasiwasi mtupu. Ndani ya wiki chache, malizeni haya: nani atasema kwa niaba yako ukishindwa kusema, mambo gani hutaki yafanyiwe mwili wako, kama mashine ya kupumulia, ungependa kuwa wapi siku za mwisho, wosia, madeni, na nani ana nywila za simu na akaunti. Yaandikwe, yasainiwe kwa utaratibu wa sheria ya mahali ulipo, na nakala iwe kwa daktari.

Tumaini halikatazwi katika hatua hii, ila linabadilisha anwani. Mtu anaweza kutumaini kwamba dawa mpya itashika, na papo hapo akaandika barua ya kusomwa mtoto atakapohitimu. Asilazimishwe kuchagua moja.

Mazungumzo ya hatua ya tatu yarudiwe kila mambo yanapobadilika: baada ya kila picha mpya ya vipimo, dawa inapobadilishwa, baada ya kulazwa kwa dharura, na siku zinapoanza kupita zaidi kitandani kuliko nje ya kitanda. Kila mara anzeni na swali lilelile la mwanzo, leo unataka kujua kiasi gani, kwa sababu aliyesema "niambie yote" miezi mitatu iliyopita anaweza kusema "leo hapana", na aliyekataa anaweza kuwa ndiye anayekungoja uulize.